Nilijifanya Dhaifu Ili Pacha Wangu Asizeeke Peke Yake

Mpendwa mshauri Agripina,

Pokea salamu kutoka Issuna. Nakuita mwanangu, usichukie, kwa maana sauti yako redioni ni ya mtu ambaye ningeweza kumzaa, na ninaomba unisaidie katika jambo ambalo nimeshindwa kulisema hata kwa padri, kwa sababu kila nikilifikiria naliona kama ndoto ya mchana, ile ambayo mtu anaamka nayo jasho shingoni na hajui kama ni asubuhi au jioni, na ukiniuliza nimekosa nini nitakuambia nimejifanya mgonjwa, basi, lakini maneno hayo hayatoshi, ndiyo maana naandika.

Jina langu ni Winfrida. Nina pacha wangu, Marietha, aliyenitangulia kutoka tumboni kwa muda ambao mama alisema haukutosha hata kuchemsha maji. Kwa kadi zetu za ubatizo tuna miaka sabini na mitatu. Tulipokuwa wasichana hakuna aliyeweza kututofautisha, mwalimu mmoja alimchapa Marietha kwa kosa langu na yeye akanyamaza mpaka fimbo zikaisha, na wapita njia walituita Kulwa na Doto, kama mapacha wa Kisukuma, ingawa sisi ni Wanyaturu. Yeye aliolewa na Antipasi hapa hapa Issuna, akazaa mara tisa, akazika watatu, akamuuguza Antipasi miaka minne mpaka alipofariki. Mimi niliolewa Ulemo, kule Iramba, nikazaa wawili, mume wangu akafa mapema nikarudi kwetu ningali kijana, na tangu hapo nimelima alizeti na mtama wangu mwenyewe, nimechota maji yangu mwenyewe, nimekwenda kila mahali kwa miguu kwa kuwa sikuwa na wa kunipeleka. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa dakika ishirini, unapita kati ya mawe makubwa halafu unashuka.

Miaka mitatu iliyopita Marietha alianza kupungua. Sisemi kuugua, maana hakuna mahali alipopashika akasema hapa panauma. Kwanza ilikuwa sufuria, akawa anaisogeza badala ya kuinyanyua. Halafu gauni, lile la Pasaka, likawa linamning'inia kama limeanikwa. Halafu mwendo, nikawa namsubiri kila baada ya hatua kumi. Meno yalikuwa yameshakwisha, chakula chake kikawa uji na chai. Akawa anasinzia katikati ya maneno yake mwenyewe, anaamka na kuendelea na maneno mengine ya miaka mingi nyuma, anaulizia ndama aliyekufa tukiwa watoto, na sauti yake inakuwa laini hivi mpaka na mimi namwona yule ndama. Alianguka uani, akaanguka tena, kisha akaacha kabisa kutoka nje ya ua. Na mimi, mwanangu, nikabaki vile vile. Nilijiangalia kwenye maji ya ndoo nikaona sura yetu imebaki kwangu peke yangu.

Kabla hajaacha kutoka, siku moja tulikwenda sala ya jumuiya kwa jirani. Mgeni mmoja kutoka Itigi alituamkia sote wawili, halafu akaniinamia mimi akaniuliza kama yule ndiye mama yangu mzazi. Watu walicheka, Marietha naye akacheka. Wakati wa kurudi alikuwa ameshikwa mkono na Joyce, mke wa mwanawe Christopher, na tulipofika pale kwenye mawe alisimama, akaniangalia muda mrefu, upepo unacheza na khanga yake, akasema:

"Winfrida, tulitoka pamoja. Mimi nimefikaje huku peke yangu?"

Nilimshika mkono mwingine tukashuka.

Tangu siku hiyo nikawa naota ndoto moja nikijilaza mchana baada ya kula, kwamba tunakwenda kisimani, yeye yuko mbele, naona mgongo wake tu na ndoo kichwani, namwita, anapunguza mwendo lakini simfikii, na njia ni nyeupe, haina mwisho, alizeti pande zote zimegeuza nyuso zinatuangalia. Halafu zikaja habari nyingine. Sikuambiwa, habari za namna hiyo huwa haambiwi mwenyewe. Nilikuwa nikipeleka mlenda, Joyce anaupokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaufunika, na kesho yake naukuta umemwagiwa kuku. Mwanamke mmoja kisimani alisema kwa sauti ya kunifikia kwamba mapacha huwa wanagawiwa nguvu moja, na mmoja akiwa na roho mbaya anamnyonya mwenzake. Wewe unajua maneno kama hayo yanaweza kumfikisha wapi mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Nyuma ya mlango wangu kulikuwa na fimbo ya marehemu mume wangu. Mwezi wa kumi mwaka jana niliichukua, nikashuka nayo kwa Marietha nikichechemea. Sikupanga, naapa, nilikuwa nimesimama tu mlangoni na mkono ukaikuta. Nilipoingia uani Joyce aliacha kupeta akaniuliza kulikoni, nikasema goti. Marietha alikuwa kwenye mkeka. Akaniangalia kuanzia miguuni, uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasogea, akapigapiga mkeka pale pembeni yake, akaniambia karibu, mwenzangu.

Basi nikakaa, mwanangu, nikakaa miezi minane. Shamba nilimwachia Christopher. Maji nikawa naletewa. Kila siku nilishuka na fimbo yangu baada ya jua kupanda, nikajilaza kwenye mkeka ule, na Joyce akaanza kula mlenda wangu, na kisimani wakaanza kunipa pole. Sitakudanganya, nilipenda. Tulilala mgongo kwa mgongo kivulini, kuku wanapita, mtu anapita na redio ya mkononi, sauti inakuja na kupotea, nasikia pumzi zake na zangu zinakwenda pamoja mpaka sijui ipi ni yangu, tunaongea kidogo, tunasinzia, tunaendelea palepale, na wakati mwingine nikawa naona kama hatujazaliwa bado, tuko ndani mle, tunasubiri, na hakuna aliyetangulia. Ule utamu ndio unaonifanya niseme nimekosa, maana kama ningeteseka ningesema nilijitoa kwa ajili yake.

Halafu mwezi wa tano, asubuhi, niko kwangu peke yangu, hakuna wa kumdanganya, nikataka kusimama kutoka kwenye kigoda nifungue kuku. Miguu ikakataa. Nikacheka, nikafikiri ni mazoea. Nikajaribu tena. Nikashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili ndipo nikainuka, na nilipoinuka sketi ikateleza mpaka kwenye nyonga, na sikuwa nimejua kuwa imelegea. Nikasimama pale, kuku wanapiga kelele bandani. Nilikwenda kutafuta uzee wa uongo, mwanangu, na kumbe nimeukuta wa kweli.

Sikumwambia mtu. Nikaendelea kushuka, sasa fimbo naihitaji nusu kwa uongo na nusu kwa haki.

Mwezi wa sita wakati wa kuvuna, vichwa vya alizeti vimeanikwa ua mzima, mbuzi wakaingia. Joyce alikuwa nyuma ya nyumba. Marietha alinyanyuka kuwafukuza kabla sijamzuia, akakanyaga vile vichwa, akateleza, akaangukia upande wa mafiga, na sufuria ya maji ilikuwa motoni. Mimi sikumbuki kutupa fimbo. Nakumbuka nimeshafika, nimemshika kwapani, nimemvuta, maji yamemwagika na kumpata mkononi tu, nimemwinua nikampeleka kitandani huku magoti yananigongana kama ya ndama anayejifunza kusimama. Nikamlaza. Aliniangalia usoni, akaniangalia magoti, muda mrefu sana. Akasema, "Nenda kwako, Winfrida." Akageukia ukutani.

Kesho yake Joyce alinifuata, akaniambia akiwa anaangalia chini kwamba mama amesema nisije kukaa pale tena. Leo ni wiki ya tano. Sijui niende nikamwambie nilikuwa nadanganya, na akiuliza kwa nini nitamjibuje bila kumwambia kwamba nilimwonea huruma, au niseme siku ile nguvu zilitoka kwa hofu tu, nirudi na fimbo yangu tuendelee kama zamani. Na kuna swali lingine ambalo naona aibu kuliuliza. Je, ni kweli mmoja anaweza kula nguvu za mwenzake bila kujua?

Simu sina, namba ya chini ni ya Joyce, ukinitafuta ataniita, lakini usimwambie lolote.

Ni mimi, Winfrida, Issuna, Ikungi.

*

Shikamoo, Mama Winfrida.

Nimetanguliza shikamoo mapema kwa sababu nitagomba, na sitaki useme mtoto wa watu hana adabu.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Hapana. Hakuna nguvu moja waliyogawiwa mapacha. Kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kusoma barua nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, nimepima wazee wengi, na nimeona hili kila wiki: watu waliozaliwa mwaka mmoja, kijiji kimoja, tumbo moja, na miili yao imeachana miaka kumi na tano. Umri wa kadi ya ubatizo ni mmoja, umri wa mwili ni mwingine. Pacha wako amebeba mimba tisa, amelea, amezika, amevuta moshi wa jiko maisha yake yote, amekula wa mwisho kwa sababu mama ndiye anayekula mwisho, amemwinua mume mgonjwa miaka minne. Meno yakaisha, akaanza kuishi kwa uji. Uji haujengi nyama ya mtu. Akaanguka, akaogopa, akakaa, na kukaa kukammaliza zaidi ya kuanguka. Wewe uliendelea kutembea. Hukumnyang'anya kitu.

Na ushahidi umeniandikia mwenyewe. Ulipoacha shamba na maji, Marietha alipata nguvu? Hakupata hata ya kunyanyua sufuria. Wewe ulipoteza zako. Mguu usiotumika mwili unauona hauna kazi, unapunguza nyama yake, na kwa mtu wa miaka yetu hii ya ukubwani hausubiri miezi minane, wiki chache zinatosha kuanza. Kwa hiyo yule mwanamke wa kisimani ajue hivyo, na wewe ujue kwanza.

Sasa nikugombe. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza mbuzi, kuku, mkeka na upepo. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja, daktari, sikuliona. Mtu amekonda miaka mitatu, anasinzia akiongea, ameanguka mara tatu, ameungua, na hakuna aliyempeleka kupimwa? Mnasema ni uzee. Uzee hauna kazi ya kumkondesha mtu mpaka gauni lining'inie, mara nyingi kuna kitu nyuma yake. Inaweza kuwa upungufu wa damu, sukari, presha, moyo, kifua, macho yasiyoona vichwa vya alizeti chini. Mimi sitampima kwa barua.

Ni kwa ajili ya ule mkono ulioungua nilipiga namba uliyoniandikia. Naomba uniwie radhi. Sikumwambia Joyce neno la barua yako, nilisema natafuta Mama Winfrida. Lakini nyuma yake nikasikia sauti ya mtu mzima inauliza nani anamtafuta, na simu ikachukuliwa. Alikuwa Marietha. Aliitambua sauti yangu ya redioni. Akaniuliza kama umeniandikia. Nikanyamaza, nikajua kunyamaza nako ni jibu. Alichoniambia ameniruhusu nikiandike, alisema, "Mwandikie, mimi nitashindwa nikimwona."

Mama Winfrida, alijua. Alijua kabla ya Krismasi. Jumapili ulikuwa unachechemea mguu wa kulia, katikati ya wiki wa kushoto. Aliona, akanyamaza, kwa sababu mkeka ulikuwa mtamu na kwake pia. Alijiambia mwache apumzike, amehangaika peke yake tangu ujana. Miezi ikapita, akaona uso wako unakonda, akakataa kuamini. Siku ya moto alihisi mikono yako inavyotetemeka na akaona magoti yako. Nanukuu alivyosema: "Nikajua ni mimi ninayemla. Watu walisema ni yeye, kumbe ni mimi. Nikamfukuza apone."

Kwa wiki tano mmekaa kila mtu kwake, dakika ishirini kati yenu, kila mmoja akiamini ndiye mchawi wa mwenzake. Nimeshika barua yako nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu, nikalia, halafu nikakasirika. Mlipewa ulimi wa kazi gani?

Hebu yakumbuke maneno aliyoleta Joyce. Marietha hakusema usije. Alisema usije kukaa. Ile fimbo na mkeka ndivyo alivyovifukuza.

Nakueleza jambo langu moja, kisha nakupa kazi. Mama yangu mzazi alipoanza kulegea nilikuwa muuguzi mwenye cheti ukutani. Nilimpenda kwa namna ya kumbeba. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimwinua, nilimzuia hata kufagia. Mwaka mmoja baadaye hakuweza kusimama, na niliyemfundisha kutosimama ni mimi. Alinishukuru kila siku mpaka anakufa. Shukrani ile ninayo bado na ni nzito.

Basi nenda, na usingoje Jumapili. Ukifika usiombe msamaha wa kuwa na nguvu, hakuna kosa hapo. Omba msamaha wa kumdanganya, sentensi moja, naye akuombe wa kunyamaza, na muishie hapo. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hakula kitu chako. Rudia kumwambia, maana jambo hilo haliingii mara moja.

Halafu mwende hospitali nyote wawili, siku moja, Christopher awapeleke. Kuna dirisha la wazee, msione aibu kulitumia. Yeye apimwe damu, sukari, presha, macho, kifua, na mkono ule uangaliwe. Wewe pia upimwe, kukonda kwako kusidhaniwe ni uongo tu. Kama Marietha anakunywa dawa zozote za kusinzisha, hata za mafua za dukani, mzibebe zikaonekane.

Chakula. Mwambie Joyce uji mtupu sasa basi. Dagaa watwangwe, karanga zisagwe, yai liwe kwenye huo huo uji kama meno hakuna, maharage yapondwe, maziwa kila siku mkiyapata. Ale kidogo mara nyingi, na asile wa mwisho tena katika nyumba ile.

Miguu. Daktari akikubali, wekeni kiti kigumu karibu na nguzo. Kukaa na kusimama, mara tano, asubuhi, mchana, jioni. Mwanzoni ashike nguzo. Wewe fanya naye, siyo kwa kumwigiza, unahitaji. Halafu kutembea mpaka mlango wa ua, wiki inayofuata hatua chache zaidi. Akihitaji fimbo apewe fimbo, ni chombo kama jembe. Vichwa vya alizeti viondolewe njiani na mafiga yazungushiwe kitu. Nikuambie ukweli ili usinidai baadaye: wewe utarudi karibu na ulivyokuwa, itachukua miezi, na shamba umwombe Christopher akurudishie hata kipande. Yeye hatarudi ulipo wewe. Lakini kutoka kuinuliwa mpaka kuinuka mwenyewe kwenda chooni ni maisha mengine kabisa, na hilo nimeliona kwa watu wa miaka themanini na tano.

Maneno ya kisimani usiyaache yakajifia. Mwende na Joyce na Christopher kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa padri, muwaambie jina la aliyesema na alichosema. Uvumi kama huo unazimwa ungali mdogo. Na Joyce, kama unasoma hili, wewe uliyewapa kuku mlenda wa mama yako mdogo, unajua la kufanya.

Mama Winfrida, ukifika leo ukamkuta amesinzia, usimwamshe. Kaa kwenye kiti, siyo kwenye mkeka. Akifumbua macho msalimie, mkamalize ya kumaliza, halafu mwambie asimame akusindikize mpaka mlango wa ua. Atachelewa. Atatafuta mkono wako kwa macho. Simama karibu, na usimshike mpaka aombe.